Mipapai ya Mpakani

Mbegu za Fermina Cachola ziligeuka buluu Jumatatu, na Jumanne jioni barabara nzima ilikuwa na habari.

Hazikutakiwa kugeuka. Alizipeleka mwenyewe ofisi ya kilimo mjini Hilo, ndani ya kopo la siagi, kwa uhakika wa mtu anayepeleka cheti chake cha ndoa kukaguliwa. Kipimo chenyewe ni rahisi. Mbegu ya papai humenywa, kiini chake hutumbukizwa kwenye dawa, kikaachwa kilale humo hadi kesho. Kikiwa cha papai la asili, hutoka cheupe kama kilivyoingia. Kikiwa na jeni iliyopachikwa na wataalamu, hutoka buluu ya wino, buluu isiyo na ubishi. Katika mbegu za Fermina, zaidi ya theluthi zilikuwa za wino.

Kipimo hicho kilikuwa wazo la Linden Prewitt, msimamizi wa soko la Jumapili nje kidogo ya Pahoa. Linden alikuwa amehamia kisiwani kutoka bara miaka saba nyuma, akajifunza kwamba huku kila mwanamke mwenye heshima huitwa shangazi, naye akamwita Fermina shangazi ingawa Linden ndiye aliyemzidi Fermina umri. Aliamua kwamba wote wanaouza kwenye safu ya vyakula vya asili walete uthibitisho. Fermina ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Papai lake lilikuwa Kapoho la zamani, dogo, la njano, tamu kupita kiasi, na watu waliendesha gari kutoka Hilo kulifuata.

Meza ya soko ingepatikana nyingine. Mbegu zisingepatikana. Marehemu mumewe, Eusebio, alizichagua kwa miaka thelathini, tunda kwa tunda, na barabara nzima hakuna mwingine aliyebaki na Kapoho. Wengine wote walipanda Upinde, papai lililobadilishwa maabara ili lisiugue. Miti ya Fermina ilikuwa imezeeka na mvua hizi alikusudia kupanda upya. Kama mbegu zake zilikuwa zimechanganyika, basi ukoo wa mapapai ya Eusebio ungeishia mikononi mwake.

Mshitakiwa hakuwa wa kutafutwa. Kati ya shamba la Fermina na barabara kulikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi, na kwenye ukanda huo safu nne za Upinde, mali ya Rosalino Cachola, mdogo wake Eusebio.

"Shemeji! Toka nje!"

Rosalino alikuwa kibarazani kwake anakula wali na mayai. "Niko nje. Labda wewe ndiye uingie."

"Miti yako imeipa mimba miti yangu."

Rosalino alitafuna, akameza. "Upi?"

"Upi nini?"

"Mti upi? Ninayo mingi. Nitaiuliza mmoja mmoja."

"Usinichezee. Mbegu za Eusebio zimetoka buluu!"

"Pole. Lakini mwenye mabinti ndiye anayefunga mlango, shemeji."

"Mlango wa kuzuia upepo unauzwa duka gani? Ninataka safu zile nne zikatwe."

"Na mimi nilitaka kuwa mrefu," alisema Rosalino, akamwaga mchuzi wa soya kwenye wali.

Fermina alirudi kwake akiwa na hasira, na hasira yake alimpelekea Linden, ambaye alijua la kuifanyia. Jumapili Linden alisimama juu ya kreti akiwa na kipaza sauti. Alisema chavua haina pasi ya kusafiria. Alisema mama mmoja ameingiliwa shambani mwake. Fermina, aliyekuwa amekaa nyuma ya mapapai yake, aliona maneno hayo yamezidi kidogo, lakini watu walimtazama kwa huruma na kununua, basi akanyamaza.

Ndipo Rosalino akatokea kati ya meza za asali na sabuni, kofia mkononi.

"Wewe ndiye Rosalino?" aliuliza Linden kwenye kipaza sauti.

"Ndiye mimi. Huhitaji kupiga kelele, niko hapa. Nimekubali. Jumamosi asubuhi nazikata safu zote nne. Njooni mshuhudie."

Watu walishangilia. Mwanamke mmoja alimkumbatia Rosalino, naye akamwachia amkumbatie huku akimtazama Fermina juu ya bega lake. Ushindi mwepesi namna ile ulimtia Fermina wasiwasi. Kwa miaka arobaini ya ushemeji hakuwahi kumwona Rosalino akikubali jambo, hata saa alipoambiwa nyumba yake inavuja.

Sababu aliipata Jumatatu kwa jirani: Upinde wa mpakani ulikuwa umerefuka hadi kuchuma kwake kulitaka ngazi, na Rosalino alikwisha kuagiza mbegu za tangawizi za kupanda ukanda ule. Angeikata vyovyote vile. Sasa angeikata na kupata makofi juu yake.

Alhamisi alikuja Doreen Uyeda wa ofisi ya kilimo, ndiye aliyepima mbegu. Alikuja na viatu vya mpira na mfuko wa kuchukulia matunda, kwa sababu matokeo hayakumwingia akilini.

"Shangazi, mpapai wa shambani ua lake lina dume na jike pamoja. Hujichavusha wenyewe hata kabla ua halijafunguka. Kuchanganyika hutokea, ila kidogo. Theluthi ni nyingi mno. Lile papai la mbegu ulizoleta ulilichuma mti gani?"

"Papai ni papai."

"Lilikuwa refu au la mviringo?"

Fermina aligeuka kutazama mpakani. "La mviringo."

"Nionyeshe mti."

Ilikuwa mipapai miwili, imesimama kwenye ua wa mpakani, majani yake yakigusana na ya Rosalino. Yote miwili ilikuwa mijike mitupu, yenye maua ya jike peke yake. Kila mkulima wa wilaya hii ya Puna hukata mijike ikishaonyesha maua, maana tunda lake la mviringo lina uwazi mkubwa ndani na halipangiki kwenye kasha. Lakini kila nyumba yenye asili ya Ilocos, ng'ambo ya bahari, kama hii ya Fermina, huacha mmoja au miwili pembeni kwa ajili ya jikoni, papai bichi la kukatia kwenye supu ya tinola, pamoja na kuku, tangawizi na majani ya mlonge. Fermina alipoambiwa apeleke mbegu ofisini, hakuona sababu ya kuharibu papai la kuuza. Alichuma la tinola.

Doreen alitazama mijike, akatazama Upinde wa Rosalino, umbali wa mkono. Hakucheka, lakini ilimchukua muda kutocheka.

"Mjike hauna chavua yake," alisema. "Hupokea ya yeyote aliye karibu. Umeniletea mbegu za mti ambao usingeweza kufanya vinginevyo."

"Kwa hiyo mapapai yangu ya kuuza ni safi?"

"Nyama ya tunda ni ya mama daima, hata mbegu ziwe na baba gani. Ulichouza ni Kapoho. Mbegu za miti yako ya matunda marefu nitazipima, na nadhani nyingi zitakuwa nyeupe. Za kupanda tutazipata: funika ua kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, basi. Na hii mijike ikate."

Fermina alihisi moyo umetulia mahali pake. Kisha, kwa kuwa mtu aliyeshinda hupenda kusimulia, alimweleza Doreen habari ya Jumamosi: safu nne, mapanga, ngoma.

Doreen aliweka mfuko chini. "Zinakatwa kwa nini?"

"Nimekwisha kueleza. Buluu."

"Shangazi, njoo barabarani."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanja kilichotelekezwa, nyasi kimo cha mtu. Katikati yake ilijiotea mipapai mitatu. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama kucha, yenye mabaka ya njano, na kwenye matunda yake machache zilionekana pete, pete ndani ya pete, kama zimechorwa na mtoto mwenye subira.

Fermina hakuhitaji kuambiwa. Aliziona pete hizo miaka ya tisini, kwanza kwa jirani, kisha kwake, kisha Puna nzima. Aliona malori ya mapapai yakitupwa. Eusebio alikata shamba lote kwa panga na kuanza upya hapa na mbegu alizoziokoa, na hapa hazikuugua. Fermina daima aliamini ni kwa sababu ya rozari na mbolea ya kuku.

"Virusi hubebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa majani," alisema Doreen. "Kidukari hubeba mdomoni tu. Akitoka hapa na upepo huu, mti wa kwanza anaouchoma ni wa Rosalino. Ule hauugui. Akishauchoma mmoja, miwili, mdomo wake umekwisha kujifuta, akifika kwako hana kitu. Zile safu nne ni ukuta wako. Rosalino akizikata Jumamosi, sikupi mwaka."

"Rozari je?"

"Rozari endelea nayo. Lakini usikate ukuta."

Walisimama. Fermina aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza, kwa kuwa siku zote alidhani ana jibu. "Lile la maabara ni salama kula?"

"Jeni yenyewe imetoka kwenye virusi hivyo hivyo. Kila papai lenye pete ulilokula miaka ile, ulimeza virusi vizima, kwa wingi. Vipimo vimefanywa, watu wamekula miaka mingi, na sijaona ushahidi wa madhara. Ukipatikana nitakuambia."

"Na yeye ana haki ya kurushia chavua yake kwangu?"

"Kwa swali hilo sina dawa inayogeuza rangi," alisema Doreen. "Hilo ni lenu wawili."

Ijumaa Fermina alivaa gauni la kanisani, akaenda kwa shemeji yake na bakuli la tinola. Rosalino alikuwa ananoa panga.

"Nilifikiri," alisema Fermina, "mgongo wako. Kukata safu nne ni kazi."

"Mpapai ni kama tango. Mtoto anakata."

"Na jua la Jumamosi."

"Redio imesema mvua."

"Tangawizi haina bei siku hizi."

"Nani amekuambia habari ya tangawizi?" Aliweka panga chini, akanusa bakuli. "Shemeji, miaka arobaini hujawahi kuniletea chakula bila msiba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi sema unalotaka."

Fermina alifungua mdomo. Maneno aliyohitaji hayakuwa mengi, lakini yote yalikuwa na jina la Rosalino na yote yalikuwa ya shukrani. "Bakuli nirudishie," alisema, akaondoka.

Jumamosi watu wa Linden walifika na magari saba. Walileta ngoma, ubani, mbwa aliyevaa kitambaa shingoni, na gamba kubwa la kome la kupuliza, ambalo Linden alilishika kwa mikono miwili kama amekabidhiwa na mababu zake. Redio ilikuwa imesema kweli. Ilinyesha, ikaacha, ikanyesha.

"Leo," alisema Linden, "ardhi inapumua."

Rosalino hakungoja ardhi ipumue. Alisogelea safu ya kwanza upande wa barabara, akapiga panga mara mbili, na mpapai wa kwanza ukalala chini na matunda yake yote, kwa kishindo cha gunia la maji. Ngoma zikalia. Akausogelea wa pili.

Fermina alijikuta yuko mbele ya mti huo. Hakukumbuka kukimbia, na kwa gauni alilovaa na matope yale ilikuwa afadhali. Alikuwa ameukumbatia mpapai wa maabara kwa mikono miwili, shavu kwenye gome.

"Shangazi," alisema Linden kwa upole, "huu ndio mbaya."

"Najua ni upi!"

"Shemeji," alisema Rosalino, panga begani, "ninakata kwa amri yako. Unanizuia kwa amri ya nani?"

"Usiukate."

"Sababu?"

"Zinakinga miti yangu."

"Sikusikii. Ngoma."

"Nyamazisheni hizo ngoma! Nimesema zinakinga miti yangu isiugue! Zimekinga miaka yote! Umefurahi?"

Ngoma zilinyamaza. Mbwa alijikuna. Rosalino alivua kofia, na Fermina akajiandaa kwa kejeli ya mwaka mzima, lakini yeye alitazama ng'ambo ya barabara.

"Eusebio ndiye aliyeniomba nizipande hapo," alisema. "Alisema, mpandie Fermina ukuta, lakini usimwambie. Atakataa."

"Ningekataa."

"Na mimi nilimwambia hivyo hivyo, na bado nilipanda. Sasa nimechoka ngazi, shemeji. Nataka kitu ninachoweza kukivuna nikiwa nimesimama chini."

Hilo lilikuwa dai la haki, na Fermina alilijua. Walijadiliana hapo hapo, kwenye mvua, kama watu wanaogawana ng'ombe. Safu mbili zibaki, Doreen aseme kama zinatosha. Mbili zipandwe upya, Upinde huo huo, mifupi. Fermina akubali kumchumia shemeji yake ile mirefu hadi mipya izae. Na mijike ya jikoni ikatwe, leo, na mwenyewe.

"Yote miwili?" aliuliza Fermina.

"Mwenye mabinti," alianza Rosalino.

"Nipe panga."

Alivuka ua. Mjike wa kwanza ulianguka kwa pigo moja, wa pili kwa mawili, mapapai mabichi ya mviringo yakabingirika hadi kwenye viatu vya wageni. Papo hapo ngoma zikalipuka. Watu walirukaruka, wakakumbatiana, na Linden akapuliza gamba la kome, mara ya kwanza likatoa mate, mara ya pili sauti ndefu ya kusikitisha iliyomfanya mbwa ajibu. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Fermina alisimama na panga akiwatazama. Ilimchukua muda kuelewa wanachoshangilia. Walikuwa wameona miti miwili ya mpakani ikianguka mikononi mwa mama aliyedhulumiwa, na mti kwa macho ni mti tu. Walidhani ameanza na ile ya maabara.

Rosalino alimsogelea sikioni. "Waache," alinong'ona. "Wataenda nyumbani wamefurahi. Meza yako unayo, ukuta wako unao. Nani atajua?"

Fermina alilifikiria jambo hilo kwa uzito uliostahili. Kisha alimwita Linden.

"Hiyo miwili ilikuwa yangu. Ya asili."

Linden alifuta macho. "Samahani?"

"Ndiyo iliyotoa mbegu za buluu. Ilikuwa mijike. Ile ya maabara ni hii hapa, imesimama, na itabaki, kwa sababu bila hiyo papai la asili ungelisoma kwenye vitabu."

"Lakini tumekwisha kupuliza," alisema Linden, akionyesha gamba.

"Nimesikia."

"Shangazi, kwenye safu ya asili siwezi kumweka mtu anayelinda miti ya maabara."

"Uniweke unapotaka. Na tafadhali usiniite shangazi. Mimi nimezaliwa baada yako."

Walimweka mwisho kabisa, safu ya kawaida, kati ya fulana na betri za mitumba, meza moja na Rosalino. Wateja wa Hilo walimfuata, baadhi yao. Wageni walisimama na kuuliza yale yale: haya ni ya asili? Fermina, ambaye zamani alijibu kwa neno moja, sasa alieleza: kwamba nyama ni ya mama, kwamba chavua ni jambo lingine, kwamba ya asili ni haya lakini yasingekuwapo bila yale, na yale hayana madhara yanayojulikana hadi leo. Kwa kawaida mgeni alikwisha kununua ndizi kwa mtu mwingine kabla Fermina hajafika kwenye vidukari.

"Unafukuza watu," alilalamika Rosalino.

"Wameuliza."

"Wameuliza kwa adabu tu, shemeji. Sema ndiyo, chukua pesa."

"Wewe uza yako unyamaze."

Miezi hiyo alipanda ngazi ya Rosalino kila wiki kumchumia Upinde, na Rosalino, aliyesimama chini akishika ngazi, alimwelekeza papai lipi limeiva kama mtu anayeongoza meli bandarini. Upande wa pili wa ua, maua ya Kapoho yaliyofungwa mifuko ya karatasi yalinyauka, yakaacha vitunda, vitunda vikarefuka. Kwenye kiwanja kilichotelekezwa Doreen na wenzake walikwisha kukata mipapai yenye pete, ingawa alisema wazi kwamba mingine itaota, huku au kwingine, na kwamba ukuta ulikuwa na kazi bado.

Mapapai ya mifuko yalipoiva, Fermina alipeleka ofisini marefu, yale ya kuuza, mazuri kuliko yote. Kesho yake, alipokwenda kuchukua majibu, Rosalino alidai kwenda naye. Alisema anakwenda kununua kamba.

Doreen alifungua kisahani mbele yao. Rosalino aliinama hadi pua ikakaribia kugusa dawa.

"Hata moja?" aliuliza.

"Hata moja."

"Dawa haijaharibika?"

Doreen alimwonyesha kisahani cha pili, mbegu za Upinde alizoziweka kwa kulinganisha. Nyingi zilikuwa buluu ya wino. Rosalino alizitazama hizo kwa namna ya mzazi aliyeitwa shuleni, kisha akarudi kwenye nyeupe.

"Zimetoka kwa kaka," alisema, na akaenda dirishani kutazama mvua.

Fermina alifunga kopo lenye mbegu zilizobaki, akaliweka ndani ya mkoba, akaufunga mkoba. Kisha alimwambia shemeji yake kamba atanunua siku nyingine, maana mashimo yalikuwa yamechimbwa tangu juzi na yalikuwa yanajaa maji.